INJINI, INJEKTA NA KOMPYUTA NI KIKOSI KIMOJA

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi, mafundi na wasaidizi wao

Nimeombwa niseme juu ya jambo moja la kazi yetu, nalo ni kubadilisha injini ya dizeli katika pikapu na malori. Huenda mwenzetu mmoja akauliza, mambo ya spana yahusu nini na chama? Yahusu sana. Gari likikataa kazi baada ya injini kubadilishwa, wa kwanza kuulizwa ni fundi, na wa kwanza kukatwa mshahara ni fundi. Kwa hiyo maarifa ya kazi hii ni ngao ya mfanyakazi, sawa na kadi ya chama.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Injini ya Bwana Rudolf Diesel ilifanikiwa huko Ujerumani mwaka 1897. Mwaka 1927 kiwanda cha Bosch kikaanza kutengeneza pampu za dizeli kwa wingi. Sisi watu wa reli twazikumbuka injini za English Electric zilizoingia East African Railways mwaka 1960, ambazo kila silinda ilikuwa na pampu yake. Siku hizo mafuta yalipimwa kwa chuma. Fundi aliona kwa macho na kurekebisha kwa mkono. Injekta ilifungwa katika stendi ya kupimia, ikatazamwa inafunguka kwa nguvu gani na inanyunyiza namna gani. Ikiwa ni ya aina ileile na imepimwa sawa, iliweza kukaa silinda yoyote.

Siku hizi mambo yamegeuka. Mwaka 1995 kampuni ya Denso ya Japani ilileta katika malori mtindo uitwao komoni reli, na mwaka 1997 magari madogo ya Ulaya yakafuata. Ndugu zangu, hii si reli ya treni. Ni bomba moja nene ambalo pampu hulijaza mafuta kwa nguvu nyingi mno, na injekta zote hunywa humo. Anayezifungua ni kompyuta ya injini, kwa stima, kwa muda ulio mfupi kuliko kufumba na kufumbua.

Hapa ndipo penye siri. Hakuna injekta mbili zilizo sawa kabisa, hata zikitoka kiwanda kimoja siku moja. Moja hutoa mafuta zaidi kidogo, nyingine hupunguza kidogo. Basi kiwanda huipima kila moja, na tofauti yake huandikwa kichwani pake kwa herufi na tarakimu. Mfano tunaoujua ni Toyota 1KD iliyo katika Hilux, Prado na Hiace nyingi za barabara zetu: msimbo wa injekta yake moja kwa kawaida una herufi na tarakimu 30. Za Delphi nyingi zina 16. Msimbo huo hapana budi uingizwe katika kompyuta, ili ijue silinda ya kwanza ina injekta gani, ya pili gani, mpaka ya mwisho. Kompyuta isipoambiwa, itaendelea kupima mafuta kwa hesabu ya injekta zilizoondoka.

Matokeo yake ni nini? Injini hutetemeka ikisimama, hugonga, hutoa moshi mweusi au mweupe, na hula mafuta. Silinda inayopewa mafuta kupita kiasi huchomeka zaidi ya wenzake, na mwisho pistoni hupasuka au hutoboka. Mwenye gari husema, "Injini niliyouziwa ni mbovu." Muuzaji husema, "Fundi ameiharibu." Kumbe injini ilikuwa nzima, ila kikosi kilivunjwa.

Sasa nieleze utaratibu wa kufuata.

La kwanza, kabla ya kununua injini, soma namba zake zote. Jina la 1KD peke yake halitoshi. Injini mbili za jina moja zaweza kutofautiana kwa injekta, kwa vitambua-joto, kwa turbo, na kwa gia ya mkono au ya otomatiki. Namba ya injekta ndiyo ya kulinganisha kwanza, kisha namba ya kompyuta.

La pili, chagua njia moja. Ukibakiza kompyuta ya gari la zamani, hakikisha injekta za injini mpya ni za namba inayokubaliwa na kompyuta hiyo, kisha ingiza misimbo yake. Ukichukua kompyuta pamoja na injini, chukua pia nyaya zake na ufunguo wake, kwa maana kompyuta nyingi haziruhusu injini iwake mpaka zitambue ufunguo wao. Usichukue nusu huku na nusu kule.

La tatu, usidhani msimbo waweza kuigeuza injekta isiyofaa iwe inayofaa. Msimbo husahihisha tofauti ndogo tu kati ya ndugu wa nyumba moja. Tena ziko injekta za koili ya sumaku na ziko za piezo, na stima yao si moja. Hizo usizichanganye kamwe.

La nne, andika misimbo kabla ya kufunga, maana baadaye huenda usiione. Piga picha kwa simu. Andika pia injekta ipi imeingia silinda ipi. Weka washa mpya za shaba, na usafi uwe kama wa hospitali, maana chembe moja ya mchanga yatosha kuua injekta.

La tano, ndugu, nawaomba mlisikie vizuri. Zamani tulitafuta silinda iliyokufa kwa kulegeza nati ya paipu huku injini ikiunguruma. Katika komoni reli jambo hilo ni marufuku. Mafuta humo yaweza kufika bar 1,800, na gurudumu la gari dogo lina bar 2 na kitu tu. Mchirizi mwembamba hupenya ngozi na kuingia nyamani. Kidonda huonekana kama tundu la sindano, hakiumi sana mwanzoni, halafu mkono huoza. Mwenzako akipigwa hivyo, usingoje mpaka kesho. Mpeleke hospitali saa ileile, na umweleze daktari kuwa ni dizeli ya nguvu nyingi. Tena zima injini na ungoje dakika zilizoandikwa katika kitabu cha gari kabla ya kufungua paipu yoyote. Nyaya za injekta nazo zaweza kuwa na stima zaidi ya volti 100, usizishike injini ikiwaka.

Sasa nageukia upande wa chama. Kazi hii haiwezekani bila skana ya kuingizia misimbo. Fundi akipewa spana peke yake, kisha injini ikifa akakatwa mshahara, hiyo si haki. Iko karakana moja ambako mwenzetu alilipishwa pistoni, hali hapakuwa na skana katika jengo zima. Basi naomba tawi lipeleke kwa waajiri mambo matatu: skana inayofaa magari tunayotengenezewa njia ya kuyahudumia, mafunzo kwa mafundi katika saa za kazi, na karatasi ya kazi yenye nafasi ya namba za kompyuta na misimbo ya injekta, itiwe sahihi na fundi na msimamizi pia. Karatasi hiyo ndiyo shahidi wetu siku ya lawama. Nao wenye magari wakumbushwe kwamba namba ya injini mpya lazima iandikishwe NTSA.

Ninyi wazee mliojifunza kwa sikio, sikio lenu lingali na thamani. Skana husoma namba, lakini anayesikia injini ikigonga ni mtu. Wafundisheni vijana kusikiliza, nao vijana wawasomee skana. Hivyo karakana yetu haitakuwa na wa kutupwa.

Umoja ni nguvu.