TUSIUZE KURA BUTURA
Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na wananchi wa Ngenge, Muleba



Sikuja kuwafundisha habari za kahawa. Butura mnaijua. Mtu ana mgonjwa, au mtoto anadaiwa karo. Huenda kwa mwenye fedha akauza kahawa ingali maua. Msimu ukifika huchuma kwa jasho lake, akampelekea mwingine. Bei ikipanda, faida si yake.

Nasema kura nayo huuzwa butura. Siku za uchaguzi huja mtu na kilo ya sukari na kanga. Tunapokea, tunashukuru, tunampa kura. Kisha kwa miaka mitano makato ya kahawa yanaamuliwa, nasi hatuna mdomo, maana tumekwisha lipwa.

Tukumbuke kura hii ilikotoka. Mwaka 1937 wazee wa Bukoba walizipinga amri za kahawa walizotungiwa. Mwaka 1950 wakawa na chama chao kikuu cha ushirika, BNCU. Lakini katika uchaguzi wa 1958 na 1959 mkoloni alimtaka mpiga kura awe na pato la shilingi 3,000 kwa mwaka, au elimu ya darasa la 12, au cheo. Kibarua wa kuchuma kahawa angevipata wapi?

Mwaka 1965 wananchi walionyesha nguvu ya kura. Waliwekewa wagombea wawili wa chama kimoja, huyu jembe, yule nyumba. Hata Waziri wa Fedha, Paul Bomani, aliyeongoza ushirika wa pamba, alishindwa. Lakini mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa, mkulima hakupigishwa kura. Mali ilikuwa yake, uamuzi haukuwa wake.

Yuko kibarua asemaye: “Mimi sina mbuni hata mmoja, bei yanihusu nini?” Ndugu yangu, ujira wako watoka katika debe lile lile. Bei ikianguka, wa kwanza kupunguziwa ni wewe.

Basi mgombea akija Ngenge, tumwulize mbele ya watu: Makato ya kahawa utayasemeaje Bungeni? Mkulima alipwe kwa siku ngapi? Ujira wa kibarua je? Na akishinda, kila mwaka arudi hapa hapa atujibu. Asiyetaka kuulizwa, aondoke na sukari yake.

Kahawa huchumwa ikiiva. Na kura yetu tuingoje iive.