Ali Yupi? Wajina, Baba Zetu na Kumbukumbu ya Taifa

Mhadhara wa umma, Kisarawe



Naomba nianze na mahali kabla ya watu. Mtu akisema jijini Dar es Salaam kwamba anakwenda Masaki, wengi watamwona akielekea ufukweni, kwenye balozi na hoteli. Mwenyeji wa hapa atauliza kwanza: Masaki ipi? Maana Kisarawe nayo ina Masaki yake. Ukimtajia Chole atauliza tena: ya kwetu, au ile ya Mafia? Hakuna anayeona haya kuuliza hivyo, wala hakuna anayedhani kwamba Chole moja imeiibia nyingine jina. Swali hilo dogo ndilo ninalotaka kulipeleka leo kwa watu mashuhuri.

1. Msiba mmoja, Hassan wawili

Tarehe 29 Februari 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alilitangazia taifa kifo cha Rais mstaafu Ali Hassan Mwinyi. Sisi tulisikia Mama Samia akitangaza msiba wa Mzee Mwinyi, tukaelewa. Lakini magazeti ya Kiingereza yana desturi ya kumwita mtu kwa jina lake la mwisho. Kwa desturi hiyo, aliyetangaza ni Rais Hassan na aliyefariki ni Mwinyi. Na kule Zanzibar, Rais aliye madarakani naye ni Mwinyi. Msomaji wa mbali akitazama jina la marehemu na kukuta Hassan katikati, ana haki ya kuuliza kama hawa wote ni ukoo mmoja.

Tuwatenganishe. Samia ni binti wa Suluhu, na Suluhu ni mwana wa Hassan. Kwa hiyo anayemwita "Rais Hassan" anamtaja babu yake. Hassan wa Mzee Mwinyi ni baba yake mzazi, mtu mwingine kabisa. Hussein Ali Mwinyi, Rais wa Zanzibar tangu mwaka 2020, ni mwana wa Mzee Ali. Majina ni machache, watu ni wengi, na kila mmoja ana mahali pake akitajwa kwa mpangilio wetu: jina lako, la baba, la babu.

Tazameni pia kwamba mpangilio huu haumfuti mwanamke. Samia ameolewa, na bado ni Samia wa Suluhu. Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja aliyerekodi santuri Bombay mwaka 1928, anajulikana hadi leo kwa jina la baba yake, na neno "binti" limekaa katikati kama fundo.

2. Kwa nini akina Ali ni wengi

Majina yetu ya pwani yana visima vitatu. Kisima cha kwanza ni dini: Ali, Hassan na Hussein ni baba na wanawe wawili, watu wa nyumba ya Mtume. Cha pili ni kalenda: Juma na Hamisi ni siku, Shabani na Ramadhani ni miezi, Idi ni sikukuu. Katika kisima hicho hicho wamechotwa Juma Ikangaa, aliyeshinda mbio za marathoni za New York mwaka 1989, na Idi Amin, aliyetuletea vita mwaka 1978. Jina halikuwatabiria lolote.

Kisima cha tatu ni babu. Mtoto hupewa jina la mzee ili mzee asipotee. Profesa Ali Mazrui wa Mombasa, aliyezaliwa mwaka 1933 na kufariki mwaka 2014, alikuwa mwana wa Sheikh Al-Amin, Kadhi Mkuu wa Kenya. Na Sheikh Al-Amin alikuwa mwana wa Sheikh Ali. Profesa alikuwa wajina wa babu yake. Kwa utaratibu huo jina moja huzunguka ndani ya nyumba kwa vizazi, na kila linaporudi linamkuta mtu mpya.

Ndiyo maana historia yetu imejaa akina Ali. Sultani Ali bin Said alitawala Zanzibar kuanzia 1890 hadi 1893, na ni katika zama zake visiwa vilipowekwa chini ya himaya ya Uingereza. Sultani Ali bin Hamud alifuata mwaka 1902, akajiuzulu mwaka 1911. Ondoa "bin Said" na "bin Hamud", na mwanafunzi wa kidato cha pili atawafanya mtu mmoja aliyetawala mara mbili. Dkt. Ali Mohamed Shein wa Pemba aliongoza Zanzibar kuanzia 2010 hadi 2020. Na Ali wetu wa Pwani, Mzee Mwinyi, alizaliwa tarehe 8 Mei 1925 kijiji cha Kivure, upande ambao leo ni Mkuranga na ambao zamani ulihesabiwa Kisarawe.

Huyu wa Kivure alivushwa bahari akiwa mtoto, akasoma Unguja, akawa mwalimu. Mwaka 1977, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa sababu ya watu waliofia mikononi mwa vyombo vya dola Shinyanga, ingawa mkono wake haukuwamo. Aliiongoza Zanzibar kuanzia 1984, kisha Jamhuri ya Muungano kuanzia 1985 hadi 1995. Alipofungua milango ya biashara, watu wakampa jina la nne: Mzee Rukhsa. Hapo wananchi walijibu swali letu bila kuulizwa. Ali yupi? Yule wa rukhsa.

3. Mwinyi: cheo kilichogeuka jina

Mwinyi ni mwenye: mwenye mji, mwenye neno. Unguja ilikuwa na Mwinyi Mkuu, mtawala mwenyeji aliyekuwa na jumba lake Dunga. Cheo hicho kilikwisha katika karne ya 19, lakini jina likabaki, likapewa watoto wa watu wa kawaida kote pwani. Baadaye siasa ikaunda neno "umwinyi" kwa maana ya kutaka kuhudumiwa bila kufanya kazi. Ajabu ya lugha ni kwamba Mwinyi tuliyemjua aliondoka kwenye kiti cha uwaziri kwa hiari. Neno lilikwenda njia yake, na mtu akaenda yake.

4. Safu ya "jina la mwisho"

Tatizo letu, basi, halitokani na wingi wa akina Ali. Linatokana na safu ya fomu inayodai "jina la mwisho" na kulifanya la ukoo. Mwandishi wetu mkubwa, Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, katika maktaba nyingi za ng'ambo utamkuta kwenye herufi R. Robert ni baba yake. Baba hakuandika vitabu vile. Hata bondia Cassius Clay, alipopokea jina la Muhammad Ali mwaka 1964, dunia ililishika la mwisho ikamwita Ali, na la kwanza likawa pambo.

Hapa kwetu safu hiyo inagusa mifuko. Cheti cha kuzaliwa kina Hasani, cha shule kina Hassan, kitambulisho kina jina la babu mahali pa baba, na mtu analazimika kula kiapo mbele ya wakili kuthibitisha kwamba yeye ni yeye.

5. Ombi

Kiswahili kina neno kwa watu wenye jina moja: wajina. Wengine husema somo. Wajina wakikutana hutaniana na kusaidiana, kama ndugu wa upande wa tatu. Lugha iliyoliona jambo hili na kulipa jina la heshima haina sababu ya kuliogopa.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Wahariri, mwiteni mtu kwa jina lake mwenyewe, si la babu yake. Wakutubi, mrudisheni Shaaban kwenye herufi S. Na ninyi wanafunzi, mnapoandika historia za vijiji vyenu, msiishie kwenye "Mzee Ali" au "Bi Mwajuma". Andikeni bin nani, binti nani, wa kijiji gani, wa mwaka gani. Kaulizeni leo jioni, wazee wangali hai.