Tuitazame Baiskeli Yetu

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya baiskeli, ile nyeusi ya ringi za inchi 28 iliyoegemezwa nyuma ya jiko. Wengi wetu huipangusa vumbi Jumamosi, tukadhani tumeitunza.

Nasi tulidhani hivyo. Usiku mmoja mama yetu alishikwa na homa, tukampakia kwenye keria kumpeleka zahanati, mmoja wetu akiendesha na mwingine akifuata na tochi. Katika mteremko breki zilibanwa, wala hazikushika. Mipira yake ilikuwa imekwisha kabisa, chuma kikisugua ringi. Baiskeli ilisimamishwa na mahindi ya watu. Mama aliteguka mkono, na hata sasa hawezi kujitwika debe la maji. Hakutugombeza. Aliuliza tu, "Kwani hamkuiangalia?" Tulikuwa tumeipangusa asubuhi ile ile.

Basi tulitandika gunia uani, tukaigeuza miguu juu. Tulianza na breki: tukatia mipira mipya, tukakaza nati za vile vyuma vinavyoshuka kutoka usukani, kisha tukazungusha gurudumu kuona kama mpira unagusa ringi pande zote mbili kwa pamoja.

Ukifungua gurudumu, weka bakuli chini, maana gololi zikiingia majanini umepoteza siku. Kwetu gurudumu la mbele lilikuwa na 10 kila upande, la nyuma 9 zilizo kubwa zaidi. Moja ikiwa na kidonda, badilisha zote. Paka grisi, mafuta ya kupikia hayafai kabisa, kwani hukauka yakawa kama gundi, nasi tumeyaona hayo kwa macho. Kisha kaza koni mpaka gurudumu lisicheze, lakini lizunguke lenyewe bila kukwaruza.

Hapa vijana hukosea: pedali ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungusha spana upande unaofuata mishale ya saa, kinyume cha ile ya kulia. Wasiojua hutumia nguvu, nyuzi za skrubu zikakatika, wakanunua mkono mzima wa pedali. Na ukigonga kota pini, egemeza kipande cha bomba chini ya mkono huo, nyundo isije ikaumiza gololi za katikati.

Mnyororo uoshwe kwa mafuta ya taa, mbali na moto, ukaushwe, utiwe oili kidogo, halafu upanguswe. Oili iliyozidi hukusanya mchanga tu. Kile kifungo chake kidogo, upande uliozibwa utangulie mnyororo unakokwenda.

Na tyubu ikitoboka, usifurahie kiraka upesi. Pitisha vidole polepole ndani ya tairi. Mwiba ungali humo.

Kazi hiyo ilitushika tangu asubuhi hadi alasiri, na mama alikaa kivulini akitutazama, mkono umefungwa kitambaa. Siku hizi hupanda tena. Lakini kabla ya kukaa kwenye keria huja kwanza mbele, akabana breki mwenyewe kwa mkono ule mzima, moja baada ya nyingine, na kutuambia tuisukume. Ikisogea, huchukua kikapu chake akaenda kwa miguu.