Nyota Yako Imefifia? Lete Fedha Kwanza

Leo nina swali la dada mmoja anayefanya biashara ya viazi mviringo. Huvinunua huko Makete, pembezoni mwa tambarare ya Kitulo, na kuvishusha Makambako ili vipakiwe kwenye malori ya Dar es Salaam. Biashara imekuwa mbaya misimu miwili mfululizo. Akaenda kwa mganga, na mganga akamwambia nyota yake imeibiwa na jirani yake wa sokoni. Kuirudisha na kuisafisha kunataka fedha, nusu sasa na nusu baadaye. Kabla hajalipa, mtoto wa dada yake akamwonyesha katika simu hesabu ya nyota za Kichina, na hesabu hiyo ikasema yeye, aliyezaliwa mwaka 1984 mchana, ana nyota njema kupita zote, ile iitwayo Mheshimiwa wa Mbinguni, ambayo mwenye nayo hakosi mtu wa kumsaidia wakati wa dhiki. Sasa anauliza: amwamini nani, mganga au Mchina?

Swali ni zuri, na wala si la kuchekwa. Tuanze na Mchina.

Wachina huhesabu kuzaliwa kwa mtu kwa nguzo nne: mwaka, mwezi, siku na saa. Kila nguzo ina herufi mbili, na ndiyo maana elimu hiyo huitwa Herufi Nane. Herufi ya kwanza ya kila nguzo hutoka katika orodha ya kumi, na ya pili hutoka katika orodha ya kumi na mbili, ile ya wanyama: panya, ng'ombe, chui milia, sungura, na kuendelea hadi nguruwe. Orodha hizo mbili zikizungushwa pamoja hurudi mwanzo kila baada ya miaka 60. Mwaka 1984 ulikuwa mwanzo wa mzunguko mmoja, mwaka wa Panya.

Sasa hizo nyota njema. Wengi wetu tukisikia nyota huangalia juu. La hasha! Nyota ya Mheshimiwa wa Mbinguni haionekani angani hata ukipanda Kitulo usiku wa Juni, pale ambapo baridi huacha barafu juu ya majani na anga huwa safi kama kioo. Ni nafasi tu katika jedwali. Jedwali linasema: mwenye herufi ya kwanza ya kumi, ambayo ndiyo herufi ya mwaka 1984, Mheshimiwa wake yuko kwa Ng'ombe na kwa Kondoo. Saa ya Ng'ombe ni kuanzia saa saba hadi saa tisa usiku. Saa ya Kondoo ni saa saba hadi saa tisa mchana. Basi kila aliyezaliwa mwaka huo katika saa hizo, awe Beijing, awe Makambako, anaye Mheshimiwa. Na asiyempata kwa saa anaweza kumpata kwa mwezi au kwa siku. Ukipiga hesabu ya yote matatu, watu wapatao wanne katika kila kumi wa mwaka ule wanayo nyota hiyo. Hao ni wengi mno kuwa waheshimiwa wote!

Na saa yenyewe dada yetu aliijuaje? Mama yake alimwambia alizaliwa watu walipokuwa wametoka shambani kula. Mheshimiwa wa Mbinguni anasimama juu ya kumbukumbu ya chakula cha mchana. Siku ile watu wangechelewa shambani hadi saa tisa na nusu, Mheshimiwa angeondoka.

Kuna jambo lingine ambalo wazee wa Makambako wanaweza kulishuhudia. Wachina walikuja hapa kwa maelfu kujenga reli ya TAZARA, iliyoanza kujengwa mwaka 1970 na kukabidhiwa mwaka 1976, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Kipande cha Mlimba hadi Makambako ndicho kilichowatoa jasho kuliko vyote: mabonde, mahandaki, madaraja, udongo unaoporomoka. Miaka hiyohiyo kwao kulikuwa na Mapinduzi ya Utamaduni, na utabiri wa nyota ulipigwa vita kama ushirikina wa kale. Walipima mlima kwa darubini za upimaji na kuupasua kwa baruti.

Tumgeukie mganga. Hapa hapana budi tuseme kwamba Waswahili nao wana elimu yao ya nyota, falaki, iliyokuja pwani pamoja na maandishi ya Kiarabu. Marehemu Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki mwaka 2011, aliifanya ijulikane nchi nzima. Kwa njia moja ya elimu hiyo, kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake. Huchukuliwa jina la mtu na jina la mama yake, hujumlishwa, hugawanywa kwa 12, na kinachobaki ndiyo nyota. Mathalan, Ali ni 110 na Mariamu ni 290. Jumla 400. Gawanya kwa 12, unabaki na 4. Nyota ya nne ni Saratani, yaani Kaa. Basi kila Ali mwana wa Mariamu ni Kaa, hata yule wa Kitulo ambaye tangu azaliwe hajamwona kaa ila labda kwenye picha.

Mtu anaweza kuiamini hesabu hiyo au kuikataa, mimi sitamgombeza. Lakini angalia jambo hili. Katika hesabu ya Mchina, nyota ni wakati uliozaliwa. Katika hesabu ya pwani, nyota ni jina lako na la mama yako. Jirani wa sokoni ataibaje saa uliyozaliwa? Atalibeba jina la mama yako kwa gunia gani? Na kinachobaki baada ya kugawanya kwa 12 kinasafishwa kwa maji gani? Hii biashara ya kusafisha nyota, ambayo matangazo yake yamebandikwa kwenye nguzo za umeme kila mji, haimo katika elimu yoyote ya nyota. Ni jina la heshima lililoazimwa ili kuuzia hofu.

Nasema hofu kwa sababu mganga hakuishia kwenye nyota. Alimtaja mtu. Yule jirani, ambaye huenda ana bahati tu ya kumjua dereva mwaminifu, sasa ni mwizi. Na Wakinga, watu wa Makete, wamesingiziwa hivyo miaka mingi. Kila Mkinga mwenye duka Mbeya au Kariakoo huambiwa ana ndagu, kana kwamba kubeba mzigo, kulala dukani na kutokula faida si sababu tosha ya kupata mali. Mwisho wa njia hii tumeuona. Januari 2019, mkoani Njombe, watoto walitekwa, wakauawa na kukatwa viungo, na imani za utajiri wa kishirikina zikatajwa. Wazazi walikuwa wakiwasindikiza watoto shuleni kwa miguu, asubuhi na jioni. Miaka minne kabla, mwaka 2015, Serikali ilikuwa imepiga marufuku wapiga ramli kwa sababu ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Waganga wa dawa za miti shamba wana sheria yao, Namba 23 ya mwaka 2002, na wana baraza la kuwasajili. Cheti hicho ni cha kutibu. Hakimpi mtu ruhusa ya kumtaja jirani yako kuwa mwizi wa nyota.

Dada, mganga alikuuliza kuhusu lumbesa? Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100, lakini mkulima anashindiliwa kilemba juu ya gunia, naye mwaka unaofuata anamtafuta mnunuzi mwingine. Alikuuliza kama ulinunua wakati Makete yote inavuna, bei ikiwa chini, ukafika Dar es Salaam pamoja na malori mengine yote? Alikuuliza lori lilikaa siku ngapi kwenye matope, na viazi vilioza magunia mangapi? Haya yanahesabika, na daftari lake ni shilingi chache.

Kama unataka nyota ya kweli inayohusu viazi, iko moja: Kilimia. Ni kile kishada kidogo cha nyota, na jina lake limetokana na kulima. Mwezi Mei hupotea katika mwanga wa jua, Juni huonekana tena mashariki kabla ya mapambazuko, na Novemba, jua likizama tu, kinachomoza. Wakati huo katika nyanda zetu za juu mvua zinaanza. Hakimjui Ali wala Mariamu, na hakidai nusu sasa na nusu baadaye.

Hiyo nusu ya pili usiilipe. Na mganga akikuambia ulete kitu chochote kilichotoka mwilini mwa mtu, ukucha, nywele au chochote kile, usingoje kesho. Nenda kwa mtendaji wa kata au kituo cha polisi siku hiyohiyo, ukitaja jina la mganga na mahali anapokaa.