Mtu, Ukoo na Palizi: Upangaji wa Huduma za Ustawi wa Jamii katika Milima ya Usambara

Upangaji wa huduma unaomweka mtu katikati ni utaratibu ambao mtu mwenye ulemavu, mgonjwa wa muda mrefu au mzee anayehitaji msaada husema kwanza anataka kuishi vipi, kisha ndugu, majirani na watoa huduma wakagawana kazi ya kumfikisha huko. Ulikomaa Marekani na Kanada katika miaka ya 1980, mikononi mwa watu kama John O'Brien, Beth Mount na Marsha Forest, wakati watu wenye ulemavu wa akili walipokuwa wakitolewa kwenye makao makubwa na kurudishwa mitaani. Uingereza iliuingiza katika sera yake mwaka 2001. Historia hiyo imeandikwa sana. Kisichojadiliwa vya kutosha ni pingamizi linalozuka kila utaratibu huu unapotajwa katika semina za hapa nchini: kwamba hiyo ni dawa ya maradhi ya Wazungu. Kwao, husemwa, mtu yuko peke yake, kwa hiyo hana budi kutafutiwa watu wa kumzunguka. Kwetu mtu ana ukoo, na ukoo ndio mpango wenyewe.

Pingamizi hilo linapendeza masikioni, na wanaolitoa wana nia njema. Wengi wao, lakini, hawajawahi kumwogesha mgonjwa.

Linasahau, kwanza, kwamba Usambara ina taasisi za matunzo zenye umri mkubwa. Lutindi, katika milima iliyo juu ya Korogwe, ilianzishwa na wamisionari wa Kijerumani mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikageuka hospitali ya wagonjwa wa akili, miaka 20 na zaidi kabla ya Mirembe ya Dodoma, iliyofunguliwa mwaka 1927. Hadi leo iko chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), na kazi za shamba na za mikono ni sehemu ya tiba. Irente, nje kidogo ya mji wa Lushoto, kuna shule ya watoto wasioona, na kuna Irente Rainbow kwa watoto wenye ulemavu wa akili na usonji. Mwaka 2007 chuo kikuu kishiriki kilichopewa jina la Askofu Sebastian Kolowa kilianzishwa huko Magamba, na elimu maalumu ikawa shabaha yake kuu. Ukiwaacha wale watoto wa mwanzo wa Lutindi, waliopokelewa katika nyumba hizi hawakuwa watu wasio na ukoo. Waliletwa na ndugu zao, ambao walikuwa wamefika mwisho wa uwezo wao. Anayesema ukoo unatosha anapaswa kueleza kwa nini foleni hiyo haijakatika kwa zaidi ya miaka 100.

Hoja nzito zaidi inatoka kwa Steven Feierman, mwanahistoria aliyeanza utafiti wake miongoni mwa Washambaa katika miaka ya 1960. Wanafunzi wanamfahamu kwa kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu ufalme wa Washambaa na kile cha mwaka 1990 kuhusu wakulima wenye fikra. Kinachosomwa kidogo ni makala yake ya mwaka 1981 kuhusu tiba kaskazini mashariki mwa Tanzania, na hiyo ndiyo inayostahili kuwekwa mezani mwa kila afisa ustawi wa jamii anayepangiwa Lushoto, Bumbuli au Korogwe. Miaka michache kabla yake John Janzen, akiandika juu ya Kongo ya Chini, alikuwa ameonyesha kwamba Mwafrika akiugua, ndugu hukusanyika na kuisimamia tiba. Wao hupima kama ni hospitali, mganga au kungoja. Wasomaji wengi waliishia hapo, wakafurahia picha ya ukoo uliokaa duara. Feierman hakuishia hapo. Alifuatilia jinsi wagonjwa walivyohama kutoka tiba moja hadi nyingine, akauliza ndani ya duara hilo neno la nani hushika. Jibu lake, alilolipanua katika makala ya mwaka 1985 kuhusu mapambano ya kudhibiti tiba, ni kwamba mamlaka juu ya mwili wa mgonjwa hayatengani na mamlaka juu ya fedha, ardhi na nguvukazi. Thamani ya makala hizi ni kwamba hazimdharau mtu. Ndugu hawaonekani wakatili, na mila haionekani kizuizi. Kinachoonekana ni watu wenye mali isiyotosha wakiamua nani angoje.

Kwa hiyo ukoo ni mahali ambapo mpango hujadiliwa, na mwenye shida huenda akawa ndiye mwenye sauti ndogo kuliko wote waliopo. Utaratibu wa kumsikiliza kwanza haukuletwa kuziba pengo la ndugu. Kazi yake ni kubadili mpangilio wa kusema.

Kosa la kuchukua sauti ya mkubwa kuwa sauti ya wote limewahi kutendwa milimani humu kwa kiwango kikubwa. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha katika bonde la Mlalo mpango wa kuzuia mmomonyoko wa udongo, ambao baadaye ulienezwa Usambara. Wakulima walilazimishwa kulima kwa matuta, na watawala wa jadi wakatumiwa kusimamia amri hiyo. Kwenye majalada, jamii ilikuwa imekubali. Mashambani, kazi ya kuinua matuta iliwaangukia zaidi wanawake, waliokuwa tayari na jembe, kuni na watoto. Upinzani ulikua hadi mpango ukaachwa mwaka 1957. Udongo ulikuwa ukichukuliwa na maji kweli, na wataalamu hawakukosea katika hilo. Walichokosa ni hesabu ya siku ya mwanamke. Uwezeshaji wa jamii unaoanza na kuishia kwa saini ya mwenyekiti unarudia mkondo huo huo, hata ukiitwa shirikishi.

Mwandishi wa mhadhara huu aliwahi kuhudhuria kikao cha kupanga katika kijiji kimoja cha njia ya Mlalo. Kilifanyika barazani, kwa ajili ya kijana mwenye kifafa ambaye mkono wake wa kushoto una kovu la moto wa mafiga. Mjomba wake, aliyekuwa amelipa nauli na gharama za hospitali, alisema kwa niaba ya wote kwamba kijana abaki nyumbani, asije akaanguka njiani. Afisa ustawi wa jamii alipomgeukia kijana mwenyewe, alijibu, "Mjomba, unisamehe. Mie nataka niende gulioni, niuze karoti." Baadhi ya ndugu walicheka, lakini mjomba hakucheka, akauliza atakwenda na nani. Hilo lilipatiwa jibu upesi. Binamu yake hupeleka kabichi huko huko, na wangekaa mbali na wapika chai na mihogo ili kijana asiwe karibu na moto. Lililokula muda mwingi wa kikao lilikuwa dawa. Mama yake hushuka zahanati kila mwezi kwa miguu na kurudi jioni, na katika msimu wa maharage siku hiyo ni siku ya palizi iliyopotea. Ilibidi wifi yake akubali kupalilia sehemu yake siku hiyo, naye mama akaahidi kumrudishia siku wakati wa kuvuna. Ndipo afisa akaandika, katika daftari la shule, karoti, binamu, dawa, palizi, kila kimoja na jina la mhusika.

Kuna mapingamizi ya haki zaidi ya lile la ukoo. Kikao kama hicho kinachukua nusu siku, na afisa mmoja hawezi kukirudia katika kila kaya ya kata yenye vijiji vilivyotawanyika mabondeni. Anayesema matakwa yake mbele ya wanaomlisha anaweza pia kusema yale wanayotaka kuyasikia. Na pale ardhi ilipo ya familia, tamanio la mmoja hugusa kipande cha mwingine. Haya yote ni kweli, na yanataka vikao vichache vilivyoandaliwa vizuri, pamoja na mazungumzo ya faragha kabla ya kikao. Hayaondoi msimamo unaotetewa hapa, kwamba mpango usiotaja nani atashika jembe wakati mlezi hayupo haujakamilika, hata kama kila kisanduku cha fomu kimejazwa.

Misingi ya kisheria ipo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 19 inatambua haki ya mtu kuchagua aishi wapi na pamoja na nani. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua kamati hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Tangu marekebisho ya mwaka 2018, halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji ulisimamishwa mwaka 2023, ukarudi mwaka uliofuata. Mikopo hii ina faida, ila inamfikia mwenye mradi. Mama anayeshuka zahanati hana mradi, ana safari. Kamati ya kijiji ndiyo inayoweza kumfaa, kwa kupanga zamu za kuchukulia dawa wagonjwa wa kitongoji kimoja, ili mtu mmoja ashuke kwa niaba ya kaya kadhaa pale zahanati inaporuhusu.

Daftari la mpango libaki nyumbani kwa mhusika, na nakala kwa mtendaji wa kijiji. Lipitiwe upya kabla ya masika na kabla ya vuli, kwa kuwa kazi za shamba zinapobadilika, mgao wa kazi ndani ya nyumba nao hubadilika, na aliyeweza kusaidia mwezi Januari huenda asiweze Aprili.