Kumkumbuka Gogo wa Ndalat



Baada ya kusomwa hesabu ya mwaka tumepewa nafasi fupi ili tumkumbuke mama mmoja ambaye si wa ukoo wetu, lakini khabari zake zatuhusu sote. Jina lake ni Priscilla Sitienei, wa Ndalat katika Bonde la Ufa. Watu walimwita Gogo, yaani nyanya kwa lugha ya Kikalenjin. Alifariki mwezi wa Novemba 2022, na umri wake ulitangazwa kuwa miaka 99.

Mama huyu alizaliwa katika siku za utawala wa Waingereza, na kama wasichana wengi wa zamani zile hakupata kusoma. Kazi yake ilikuwa ukunga. Kwa muda wa miaka zaidi ya 60 aliwapokea watoto wa kijiji chake, na yote aliyoyajua juu ya uzazi na dawa za miti aliyahifadhi kichwani, kwa sababu kalamu hakuijua.

Alipokaribia umri wa miaka 90 alikwenda shuleni akaomba aandikwe. Kwanza walimkataa. Walipoona hana mzaha wakampokea, naye akavaa sare, akalala bwenini, akaketi darasani pamoja na vitukuu wake. Baadhi ya wanafunzi wenzake ndio wale wale aliowapokea kwa mikono yake siku walipozaliwa.

Yamkini wako watakaouliza: mtu wa umri ule asome apate kazi gani? Gogo hakutafuta kazi. Alitaka kuisoma Biblia mwenyewe. Alitaka kuandika maarifa yake ya ukunga na ya dawa ili wengine wayarithi. Tena alitaka kuwaonyesha mama wasichana walioacha masomo kwamba mlango haujafungwa. Alipokutana na mtoto asiyesoma alimwuliza sababu, na mtoto akijibu kwamba umri umempita, Gogo alijitoa mwenyewe kuwa mfano. Kabla yake Mzee Kimani Maruge alikuwa ameingia darasa la kwanza huko Eldoret mwaka wa 2004, akiwa na miaka 84, baada ya karo za shule za msingi kuondolewa mwaka wa 2003.

Gogo alifariki kabla ya kumaliza masomo ya msingi. Hapo ndipo sisi tulioshika kalamu tangu utotoni tunapoona haya. Vitabu vya chama chetu vyaonyesha michango ya kila mazishi, senti kwa senti, na hilo ni jambo jema. Lakini na tuungame: mama zetu wangapi tumewazika kwa heshima, tukasoma sifa zao kaburini, wala hatukuketi nao hata jioni moja tukaandika waliyoyajua? Wengine walitia dole gumba katika daftari letu miaka na miaka, nasi tukapiga mstari, tukafunga kitabu. Gogo ilimpasa aende shule uzeeni ili aandike mwenyewe. Mama zetu walikuwa na watoto waliosoma, na hawakuandikiwa.

Kwa hiyo twaomba mambo mawili. La kwanza, kila mwanachama ajuaye kuandika aketi na mama yake au nyanya yake mwaka huu, aandike kwa maneno ya mama mwenyewe. La pili, msichana aliyezaa akataka kurudi shuleni, asikute mlango wa chama hiki umefungwa, bali wazee wamtetee na sanduku letu limsaidie.

Wahenga walisema, elimu haina mwisho. Gogo aliyathibitisha maneno hayo mbele ya macho yetu. Mwenyezi Mungu amlaze pema, na wazee wetu walio hai atupe akili ya kuwasikiliza wangali nasi.