Mama Aliyerudi Mikono Mitupu



Mtu mzima akifa, kijiji kizima huenda matangani. Lakini mtoto akizaliwa amekufa, wazee wachache huzika, basi. Kesho yake mama anatazamiwa kisimani.

Mwaka jana mwenzetu mmoja alirudi toka hospitali mikono mitupu. Sisi tulimwambia, "Nyamaza, utapata mwingine." Wengine tulipita njia nyingine tusikutane naye. Siku ya tatu maziwa yakamjaa kifuani, na wa kunyonya hayupo. Alilia peke yake. Tunaona haya kulisema hili.

Ndipo akaja bibi mmoja jirani. Alileta uji, akaketi, akauliza, "Mwanao alikuwa na sura ya nani?" Kumbe ndilo swali alilokuwa akilingoja! Alizungumza mpaka jua likatua.

Siku hizi tunakwenda kwa zamu, wawili wawili. Mmoja anachota maji, mmoja anasikiliza. Maziwa yakijaa, kitambaa cha maji baridi hupunguza maumivu. Akiwa na homa, au akitokwa na damu nyingi, tunampeleka zahanati upesi. Majuma yakipita naye halali wala hali chakula, huko pia tunampeleka.

Hatumwulizi alikosa nini. Mwaka 2021 watoto wapatao milioni 1.9 duniani walizaliwa wafu. Je, mama zao wote wamerogwa?

Na baba tunamwuliza hali. Naye amefiwa.

Mwenzetu yule yupo nasi hapa. Jumamosi ni zamu yake, kuna mama wa ng'ambo ya mto aliyefiwa na mtoto wa siku mbili.